Kikopo cha Tongun

Watoto wa kituo kimoja cha kulelea watoto pale Oli, Arua, walianza kuharisha wote kwa pamoja. Mwalimu Eyotaru akawagawia akina mama vikopo: kila mmoja alete choo cha mwanawe kikapimwe, na mwenye vijidudu vya tumbo akae nyumbani mpaka amalize dawa.

Rosina alipeleka cha Tongun, mwanawe. Majibu yalipotoka, watoto wote walikuwa safi isipokuwa Tongun.

"Kumbe ugonjwa imetoka Sudani!" sauti ilisema nyuma yake. Akina mama wengine wakacheka.

Rosina akamfunga mtoto mgongoni, akaenda zake. Tangu ahamie Oli kutoka Koboko, kule mpakani na Sudani Kusini, watu wake walikuwa wanawake aliokutana nao mlangoni mwa kituo, na salamu zao zenyewe zilikuwa za juu juu. Sasa hata hizo zilikatika. Alishinda ndani akimnywesha Tongun dawa, mpaka tumbo likatulia.

Kule kituoni kuharisha hakukukoma. Mwalimu akagawa vikopo upya.

Jioni hiyo Patricia, muuza nyanya, akapiga hodi na mtoto wake mgongoni. Rosina karibu alie kwa furaha. Akamwekea kigoda, akammiminia chai ya moto kabisa, ili asiimalize upesi.

"Mama Tongun, nipe kidogo ya mtoto yako," Patricia alisema, akatoa kikopo. "Ile ya kwanza, sisi yote tulichota kwa mtoto ya Zam. Sasa hata yeye naharisha. Yako imemaliza dawa, ndiyo iko safi."

"Wote mlichota?"

"Sasa nikae nyumbani, nyanya ioze? Wewe mbona hukuomba?"

"Ningemwomba nani?"

Patricia alianza kucheka, kisha akamsogezea kikopo.

Rosina alikitazama kile kikopo. Akikijaza, kesho atakuwepo mtu wa kumwita kwa jina pale mlangoni. Lakini yule mtoto mgongoni mwa Patricia alikuwa amelegea kama mboga ya jana, midomo imemkauka.

"Peleka cha mtoto wako, dada, apate dawa. Mimi nitakaa naye wewe ukiuza."

"Nikuachie wewe?" Patricia akasimama. "Haya, kaa na usafi yako!"

Hatua zake zikafifia upande wa mtoni. Chai yake ilikuwa haijaguswa. Rosina akaimaliza yote, taratibu, kisha akanywa na yake.