Chumba cha Nyuma

Nyumba yao ya Oxford ilikuwa na chumba kimoja tu kisicho na mtu, na Tamsin alikitaka. Alikuwa akiandika utafiti kuhusu magonjwa ya mlipuko ambayo bado hayajatokea, na jikoni hakuweza kumaliza hata aya moja, maana Hamish, mpangaji mwenzake, alikuwa akikata katoni kwenye meza hiyo hiyo aliyoandikia. Hamish alikuwa akitengeneza vichujio vya hewa, vya katoni na feni, kwa ajili ya nyumba ya wazee mtaa wa pili. Naye alikitaka chumba.

Wote walikuwa wa jumuiya ya watu wanaotaka kutenda wema mwingi kadiri inavyowezekana, tena kwa hesabu. Kwao hata ugomvi ulikuwa na utaratibu: kila mmoja hutetea upande wa mwenzake, mpaka mwenzake aridhike.

Ingrid, waliyepanga naye, akatua sufuria ya dengu. "Haya, anzeni. Chakula baadaye."

Tamsin alieleza jinsi wazee wale wanavyokohoa leo, si baada ya miaka hamsini.

"Dada, umenitetea kuliko mimi mwenyewe," Hamish akakiri.

Kisha yeye akaeleza kwamba anayezuia ugonjwa kabla haujazuka huokoa watu wasiowahi kusikia jina lake. Alipomaliza aliitazama mikasi yake kama ya mtu mwingine.

"Tupige kura," Ingrid akasema. "Kiwe karakana?"

Tamsin akanyoosha mkono.

"Kiwe cha utafiti?"

Hamish akanyoosha.

"Nyie mnanichezea?"

"Kanishawishi," wakasema wote wawili.

"Basi piga kura wewe, Ingrid," Hamish akasema.

"Mimi nakula."

Kwa kuwa hakuna aliyeshinda, kila mmoja akashika kazi ya mwenzake: Hamish akaingia chumbani na karatasi za Tamsin. Tamsin akabaki jikoni, akikata katoni upande upande. Baadaye sauti ya Hamish ikatoka chumbani.

"Tamsin! Karatasi zako zinauliza: kichujio kimoja kinatosha chumba cha ukubwa gani?"

"Sijui. Si wewe uliyekuwa unavitengeneza?"

"Sikuwahi kupima."

Tamsin aliwafikiria wazee wanaokohoa. Akaibeba katoni na feni yake, akafungua mlango kwa goti.

"Sogea. Pima wewe, mimi nikaze utepe."

"Na utafiti wako?"

"Kesho asubuhi. Asubuhi chumba ni changu, jioni ni chako. Washa."

Feni ikavuma kwa nguvu, karatasi zikaruka, na ikabidi waendelee kubishana kwa kupiga kelele.