Maombi ya Kufunga Mkutano

Tangu alfajiri Ewesit alikuwa akizunguka boma kama mtu aliyepoteza kitu, na Aule, mkewe, alijua anachotafuta ni mahali pa kuanzia maneno. Mwishowe akaanza, huku akivaa koti lake la ulinzi.

"Mama Sarah, leo kwa mkutano usiongee. Kandarasi yangu inaisha mwezi hii. Hao watu wa kaunti wakikasirika, nani atanirudisha kazi?"

"Sitaongea na wao."

"Hata swali ndogo?"

"Hata ndogo."

Aliahidi, na nia ya kutimiza alikuwa nayo. Ewesit alikuwa mlinzi wa dispensari ya kijiji chao, ng'ambo ya Gotu, na tangu ukame uwamalizie mbuzi, mshahara wake ndio uliowalisha. Lakini nyuma ya pazia binti yao Sarah alikuwa amelala kwa ubavu, miguu imevimba, mimba imeshuka. Nesi Nkirote alimpima jana akasema ni siku yoyote sasa. Kisha akatazama chini, akaongeza, "Tuombe tu uchungu uanze mchana."

Maana usiku dispensari ilifungwa. Taa za sola zilikufa mwaka jana na hakuna aliyekuja kuzitazama, nesi hakuwa na nyumba pale kijijini, na chumba cha kuzalia kilikuwa kimejazwa mifuko ya simiti. Aliyeshikwa na uchungu usiku alitafutiwa pikapu ya kumpeleka Isiolo mjini, na ile barabara si ya kumpitisha mwenye uchungu. Sarah alishapita huko mara moja. Mtoto alizaliwa njiani, akazikwa kabla ya kupewa jina. Tangu hapo pikapu ikinguruma usiku, Aule huketi kitandani. Aliogopa. Akiteka maji aliogopa, akisonga ugali aliogopa, na kanisani ambako wenzake walikwenda kuutua mzigo, yeye alirudi nao nyumbani.

Mkutano wenyewe, uliofanyika uwanjani mwa dispensari, ulikuwa wa wananchi kutoa maoni juu ya bajeti. Sheria inasema waulizwe kabla ya pesa zao kutumika, na sheria ni kitu kizuri sana, hasa ikija na hema, viti vya plastiki na kreti za soda. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Wageni walifika jua likiwa utosini, wenyeji wameshachoka kusubiri. Gari la afisa wa bajeti likaachwa linanguruma kando ya hema, ili baridi iliyomo ndani isije ikapotea bure.

Dua ya kufungua ilisomwa na mzee Huqa mwenye duka. Naibu wa chifu, Erot, ndiye aliyeshika maikrofoni, na akishaishika Erot huwa mtu mwingine. Alimkaribisha afisa kwa sifa ambazo hata afisa mwenyewe alionekana kuzisikia mara ya kwanza.

"Tumefikiria sana juu ya dispensari yenu," afisa akasema. "Mwaka huu itapata ukuta kuzunguka pande zote, na lango kubwa la kisasa, lenye tao, jina liandikwe juu lionekane kutoka barabarani."

"Makofi!" Erot akaamuru. Yakapigwa.

Lango! La kumfungia nani, na mlango uliopo ukifungwa jioni haufunguki mpaka asubuhi? Kando ya Aule, jirani yake Kabale aliinua mkono, akauweka juu mpaka ukachoka, akauinua wa pili. Erot hakuuona. Macho yake yalikuwa mazuri tu, ila yalikuwa na tabia ya kuwaruka wanawake. Wanaume watatu wakapewa nafasi. Wa kwanza akashukuru. Wa pili akashukuru, akamwombea mwanawe kazi kwenye huo ujenzi. Wa tatu akauliza kama mbuzi wataruhusiwa kupita karibu na ukuta. Aule aliikalia mikono yake. Ameahidi, basi.

Afisa akatazama saa, akasema watu wa Kulamawe, kijiji kinachofuata, wanawangoja, na kwamba maoni yamepokelewa.

"Tufunge na maombi," Erot akasema haraka. "Tulifungua na Waislamu, tufunge na Wakristo. Mama Sarah, wewe ni mtu wa kanisa. Simama utuombee. Fupi."

Aule akasimama. Maombi ya aina hii alikuwa ameyasikia tangu utotoni: shukrani kidogo, safari njema kwa wageni, amina. Watu wote wakainuka. Kofia zikavuliwa, askari aliyekuja na wageni akaikumbatia yake kifuani, hata dereva akazima gari. Kimya kikaingia, na ndani ya kimya hicho Aule akamwona Sarah amelala kwa ubavu.

"Baba Mungu, asante kwa hawa wageni. Uwalinde kwa barabara. Hiyo barabara unaijua, Baba. Ulikuwa na sisi kwa pikapu usiku ile. Uliona vile nilimfunga mtoto na leso yangu, na alikuwa ameshapoa."

Mtu akaguna kule nyuma. Simu ya afisa ikalia. Akaizima bila kufungua macho. Nani atamkata mtu anayezungumza na Mungu? Hata Erot, aliyejua kumkata kila mtu, alijua hilo haliwezekani. Akajaribu njia nyingine.

"Amina!" akasema kwa nguvu, kana kwamba maombi yameisha.

Hakuna aliyeitikia. Aule akaendelea.

"Baba, mtoto yako alizaliwa kwa zizi ya ng'ombe, lakini ulimwekea nyota wakaona. Sisi tunaomba taa tu. Hawa wageni umewapa kalamu. Waambie waandike taa kwanza. Waambie simiti itoke kwa chumba ya kuzalia. Waambie nesi ajengewe nyumba, alale hapa na sisi. Hatukatai lango, Baba. Lango ije siku ingine. Lakini binti yangu siku yake ni hii, na mimi naogopa. Naogopa sana."

Kisha maneno yakamwishia. Lililobaki lilikuwa moja tu, la kufungia, na hilo ndilo lililomshinda. Kabla ya kulitamka, alikuwa mbele ya Mungu na hakuna wa kumgusa. Akishalitamka atafungua macho, na atakuwa Aule mke wa mlinzi, mbele ya watu wenye kandarasi ya mumewe mkononi. Akakaza macho kama mtoto anayejificha. Ameharibu. Alimwahidi mtu jambo moja dogo, na sasa watakula nini?

"Amina," mtu akasema kutoka nyuma ya hema.

Aliijua sauti ile. Ilikuwa ya Ewesit.

"Amin," Kabale akaitikia, na mzee Huqa, kisha hema nzima.

Aule akafungua macho. Afisa alikuwa anatabasamu kama mtu anayeumwa na jino. Akamwinamia Erot, akasahau kwamba maikrofoni ingali inawaka, na kila mtu akasikia, "Huyu mama ni wa nani?"

Erot akakohoa, akatazama viatu vyake. Erot na Ewesit walikua pamoja tangu utotoni. Swali la namna hiyo halijawahi kumletea mtu heri.

Ewesit akapita katikati ya viti, polepole, mpaka akasimama kando ya mkewe.

"Ni wangu," akasema. "Mimi ndiye mlinzi wa hapa."

Aule akamshika mkono wa koti amzuie, lakini mwanamume huyo alikuwa ameshaanza, na alichokisema hakuwahi kukitamka hata nyumbani kwake.

"Usiku ile, bwana, nilikuwa kazini. Nilisimama hapo kwa mlango, nikichunga kufuli yenu, na nikaona pikapu ikipita na binti yangu."