Brashi ya Nywele za Mama

Jumamosi asubuhi fundi cherehani alitengeneza brashi kwa nywele za marehemu mama yake zilizobaki kwenye kitana. Alizifunga kwa uzi wa vifungo, akazichomeka kwenye mrija wa kalamu iliyoisha wino. Rangi alizikaushia kwenye vifuniko vya soda, akavibandika ndani ya kopo bapa la dawa ya kuchua. Maji aliyatia kwenye kichupa cha dawa ya macho. Kisha yeye na dada yake mkubwa wakapanda kilima kinachotazamana na kiwanda cha nyuzi, alikofanya kazi mama yao na anakofanya dada mpaka leo.

Dada alimenya chungwa, akamtania kwamba mama alipokuwa hai hakuna aliyethubutu kumgusa nywele.

Fundi alichora ukuta, bomba la moshi na lango. Lango lilipolowa likafunguka, wanawake wakaanza kutoka. Walikuwa wadogo kama punje za mchele, lakini kila mmoja alikuwa na uso wake na mwendo wake. Vichwa vyao vilijaa vumbi la pamba. Rangi nyeupe fundi hakuwa nayo; weupe wa vumbi ulikuwa karatasi yenyewe. Walikohoa, na karatasi ikatetemeka magotini pa fundi.

Ndugu hao waliwatambua: jirani, shangazi, yule mwimbaji wa kwaya. Wote walishazikwa, na vyeti vyao vyote vya kifo viliandikwa uzee, hata cha aliyefariki akiwa na miaka thelathini na minane.

Mama akatoka, kikapu mkononi. Kila rangi ilipoanza kukauka fundi aliongeza tone la maji, ili asisimame. Nyuma ya mama akatokea dada.

“Huyo ni mimi,” dada alisema.

“Nikufute? Bado hujakauka.”

Dada aliinamia karatasi.

“Acha. Mama amenishika mkono.”

Jumatatu dada aliipeleka picha kwa msimamizi wa kiwanda. Msimamizi alivua miwani, akamtambua mama, akakiri hajapata kuona kazi nzuri kama ile. Akaitundika kwenye ukumbi wa kuingilia. Wanawake wa zamu walipanga foleni kuwasalimu watu wao, kwa sauti ya chini, kila mtu na wake. Madirisha ya karakana yalibaki yamepigiliwa misumari, maana upepo hukata nyuzi.

King'ora kilipolia, dada alimwamkia mama, akaingia kazini.