Barua Isiyo na Neno Baya

"Wewe ni nguzo ya mafanikio yetu." Ndivyo barua ilivyoanza, maana kiwanda cha nguo kilitaka barua imtaje msomaji kwanza na kampuni baadaye. Katibu aliitazama ile sentensi kwenye kompyuta. Orodha ya watu arobaini na watatu wa kuachishwa kazi ilikuwa mezani, na wa kumi na saba alikuwa dada yake, mshonaji wa vifungo, yule aliyemlea na kumsomesha tangu mama yao alipofariki.

Mkuu wa ofisi alikuwa na mwongozo wake wa kuandika barua, akiulinda kama mboni ya jicho. Namba moja hadi tisa kwa maneno, kumi na kuendelea kwa tarakimu. "Kupunguzwa", "kuachishwa" na "mwisho" yalikuwa marufuku. Katibu alipiga moyo konde akaomba sentensi moja tu ya wazi, watu wajue kazi imekwisha. Mkuu akatabasamu, huyo hata akikufukuza meno yake yako nje. Akasema watu wazima wanaelewa.

"Msomaji asiumie," akaongeza. "Andika kinachofunguka, si kinachofungwa."

Basi akaandika. Angefanya nini, naye ameweka sahihi ya kutunza siri, na mshahara wake ndio utakaobaki kulisha nyumba mbili? "Miaka 22 ya mchango wako imekufungulia ukurasa mpya. Baada ya wiki mbili utakuwa huru kuuandika upendavyo." Mkuu aliisifu mbele ya ofisi nzima. Katibu alikwenda chooni akalia, akanawa uso, akarudi kuchapa nakala arobaini na tatu, akibadilisha jina na miaka tu.

Jumamosi asubuhi dada alibisha hodi nyumbani kwa katibu, amevaa gauni lake la kutokea, bahasha ameikumbatia kifuani. Alisema tangu azaliwe hajaandikiwa vizuri hivyo. Miaka yote hiyo msimamizi alimwita "wewe wa vifungo", na leo wanamwita nguzo! Alikwishaisoma mara tatu, lakini alitaka kuisikia kwa sauti ya mdogo wake, msomi wa familia.

Katibu akasoma. Kwenye ile miaka akasingizia kikohozi. Dada alisikiliza amefumba macho, vidole vyake vyenye sugu vimetulia mapajani.

"Nilijua ipo siku wataniona," akasema. "Sasa, mdogo wangu, hizo wiki mbili zikiisha naripoti kitengo gani?"

Katibu akaiinamia karatasi. Alitafuta sentensi ya kumjibu, kutoka juu hadi kwenye sahihi, kisha akarudia upya, kana kwamba barua iliandikwa na mtu mwingine. Haikuwamo.

"Dada," akaita.

Dada alikuwa ameshatoa kalamu kwenye mkoba na kuigeuza bahasha, anasubiri atajiwe kitengo aandike.