Maharagi ya Shule Mbili

Kaswera alikuwa mpishi wa shule moja ya Katoyi, na sufuria yake ilikuwa kubwa hata wamama wa kanisa walimtania kwamba siku moja padri atabatizia watu humo.

Mwaka jana Daktari Ferdinand alikuja na mizani, akapiga kura kuchagua shule ya kupewa chakula. Shule ya Kaswera ikapata wali na maharagi kila siku saa nne asubuhi. Shule jirani ya Mapendo haikupata kitu. Watoto wake walikuwa wa kupimwa tu, wafananishwe na wale wanaokula. Jamani! Mutu amesoma mpaka Ulaya, bado anatafuta kujua kama mutoto akila ananenepa.

Kaswera alisaini karatasi: chakula kisitoke uwanjani. Siku ya kwanza, Munezero wa darasa la pili alikula nusu, akasukuma sahani.

"Mama Kaswera, na Olive wetu je?"

Olive, dada yake, alisoma Mapendo. Sasa Kaswera angefanya nini? Akatafuta sashe, kile kifuko cha plastiki, akafunga ile nusu. Kesho yake walisimama mbele yake watoto kumi na wawili, kila mmoja na nusu yake ya kufungiwa. Mwezi haujaisha, kila ndugu wa Mapendo alikuwa na sashe yake.

Mwaka ulipokwisha, Ferdinand alipima watoto, akaita wazazi.

"Shule zote mbili zimeongeza kilo sawasawa. Kwa hiyo chakula hakina athari yoyote. Mradi unafungwa."

Kaswera alipiga hesabu. Akinyamaza, sufuria inaondoka. Akisema, ni yeye anayeondoka. Aliogopa kweli, lakini akasimama.

"Papa Docteur, wa Mapendo pia walikula. Ni mimi nilikuwa nawatumia nusu."

Ferdinand alishika kichwa. Halafu, polepole, akaanza kutabasamu.

"Kumbe chakula cha shule moja kinatosha mbili!"

"Sikusema kinatosha, Papa. Nilisema waligawana."

Wapi! Daktari alikuwa ameshaandika.

Mradi haukufungwa, wala Kaswera hakufukuzwa. Alipigiwa makofi, akavikwa fulana. Jumatatu gari likaleta nusu tu ya magunia yaliyokuwa yakija zamani, pamoja na barua ya kumpongeza kwa ubunifu wake. Kaswera aliisoma mara mbili, akatukana kwa Kinande, akaongeza maji kwenye maharagi.

Saa nne Munezero alikuja na sahani. Akala nusu ya ile nusu, akatoa sashe mfukoni, akaikung'uta vizuri na kuifungua.