Mianzi Aliyoikata Dada

Unga ulikuwa umerudi. Asubuhi Binti aliufagia, mchana akaukuta tena chini ya mianzi ya dada yake, mweupe na laini kama poda ya mtoto. Akautazama kama mtu atazamaye mvua ya kwa jirani.

Mjomba, mwenye karakana, akagonga mwanzi mmoja kwa kidole. Ukalia kama debe tupu.

"Dumuzi hawa wamehamia na ukoo mzima," akasema. "Hata hodi hawakupiga."

Zamani Binti angecheka.

"Hii si mliitia dawa?"

"Niliilaza kwenye birika la dawa, Mjomba."

"Vifundo ulitoboa?"

Siku ile ya kuilaza walikuwa wametoka kumzika dada, na dada ndiye aliyekuwa akisukuma nondo ya chuma ndani ya kila mwanzi, kifundo baada ya kifundo, ili maji ya boraksi, dawa ya wadudu, yafike ndani. Binti aliitumbukiza mizima mizima, akaikandamiza kwa mawe, akaenda zake kukaa. Dawa ikalamba ngozi tu.

"Basi, mwanangu," Mjomba akasema. "Ichomwe leo leo, la sivyo ghala lote litaliwa. Ila mama yako..."

Mama alikataza mtu kuigusa. Ndiyo kazi ya mwisho ya mikono ya mwanawe. Kila akimaliza kuosha vyombo, huja akaketi kando ya mianzi hiyo.

Binti alimkuta uani akichambua mchele.

"Mama, mianzi imeliwa. Inabidi ichomwe."

"Itieni dawa tena."

"Ndani hamna kitu, Mama. Ni unga mtupu. Sikuitoboa."

Vidole vya Mama viliendelea kutafuta mawe. Binti alingoja atukanwe, ingekuwa nafuu.

"Siku tuliyomzika dada yako, mimi nilikwenda makaburini na kandambili za jirani bila kujua," Mama akasema. "Nikarudi nazo. Mpaka leo hajazidai, maskini, ananionea haya."

Akaweka ungo chini, akajikung'uta, akatangulia ghalani. Binti akauinua mwanzi wa kwanza. Ulikuwa mrefu, ukamyumbisha. Mama akaushika ncha ya pili. Walipofika mlangoni ukakatika katikati, unga ukawamwagikia miguuni wote wawili.

Wakasimama, kila mtu na kipande chake.

"Tembea," Mama akasema.