Kioo cha Ndege ya Kusindikiza

Orrin Stambaugh simpendi, na asije mtu kunifundisha kumpenda. Tulifanya kazi banda moja hapa jangwani Mojave miaka nenda rudi, kila mmoja fundi mkuu wa ndege yake. Zote mbili zilikuwa ndege za kivita, pacha kabisa, jeshi lilipozistaafisha zikaletwa kwetu kwa ajili ya utafiti. Yake ikafungwa bawa jipya la majaribio, ikapakwa rangi nyeupe na mstari wa buluu, wageni wakawa wanapanga foleni kupiga nayo picha.

Yangu ikapewa kazi ya kusindikiza. Yaani yake ikipaa, yangu inapaa ubavuni mwake, mpiga picha yuko kiti cha nyuma, analichunga lile bawa lisije likakatika. Kila picha ya ndege ya Orrin iliyotundikwa kwenye ofisi za wakubwa ilipigwa kutoka kwenye ndege yangu. Sasa niambieni, yangu nani aliipiga picha? Hakuna! Roho iliniuma, tena iliniuma sana.

Utafiti ukaisha, zote mbili zikasimamishwa. Makumbusho ya mjini yakasema yana nafasi ya ndege moja tu. Nyingine iende kwa wakata chuma chakavu. Sikukaa kimya. Nilimfuata mkuu wa makumbusho, Bi Maxine Ordway, nikamweleza kwamba bila ndege yangu lile bawa lisingetoka hata nje ya banda.

Akanisikiliza kwa adabu zote. "Nakuamini, Bwana Haskett. Una picha yake ikiwa angani?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Wakachukua ya Orrin.

Siku chache baadaye Orrin mwenyewe akaja bandani na burito mbili, zile chapati za kukunja zenye nyama, moja akanipa. Nikajua ana shida.

"Verlin, ndugu yangu, usinikasirikie."

"Nani kakasirika? Sema shida yako."

"Kioo changu cha rubani kina ufa. Bi Maxine hataki kuonyesha watu ndege yenye ufa. Chako kizima."

"Ahaa! Makumbusho umeninyang'anya, sasa unataka na kofia ya ndege yangu?"

"Yako inakwenda kukatwa, bwana. Kioo kitasagwa bure."

"Na kisagwe!"

Aliendelea kula taratibu huku akiitazama ndege yangu, na hilo liliniudhi kuliko kama angenitukana. Lakini alisema kweli, na mimi si mtu wa kuacha kitu kizima kiharibiwe. Kesho yake nikakifungua kwa mikono yangu, boliti moja baada ya nyingine. Orrin alitaka kunisaidia, nikamfukuza.

Sasa, kwetu jina la fundi mkuu huandikwa kwenye fremu ya kioo hicho. Kioo kikihamia ndege nyingine, fundi wa huko hulikwangua jina la zamani akaandika lake, na hakuna anayenuna. Mimi nilinuna. Nilichukua msasa nilifute jina langu mwenyewe, nisimpe Orrin raha hiyo. Mkono ukakataa.

"Haya, kwangua wewe," nikamwambia Orrin alipokuja kukichukua, nikamtupia msasa. "Si ndiyo sherehe yako!"

Lori lilipokuja kuchukua ndege yangu sikwenda kuangalia.

Siku ya kuizindua ndege ya Orrin pale makumbusho nilisema siendi ng'o. Bernadine, mke wangu, akanitolea shati na kuniwashia gari. "Miaka yote namsikia huyo Orrin mezani kwangu," akasema. "Leo namwona kwa macho."

Tukamkuta kasimama chini ya ndege, kavaa tai. Ndege inang'aa. Nikainua macho kwenye kioo nilitafute jina lake, niudhike vizuri.

Jina lilikuwa langu. Verlin Haskett, fundi mkuu, kwa herufi zilezile nilizoziandika mimi, na juu yake kapaka vanishi zisichubuke. La kwake halikuwepo popote. Nilizunguka ndege nzima nikilitafuta.

"Hii ilikuwa ya nani?" mama mmoja akamwuliza Orrin.

"Fundi wake huyu hapa," akasema, akanisogeza mbele. "Mwulizeni yeye."

Watu wakanizunguka, wakanishika mikono. Bernadine akaninong'oneza, "Huyu ndiye yule mwizi?"

Uchoyo wa Orrin nilikuwa nimejiandaa kuupokea. Wema wake sikujiandaa. Alikuwa kando, anachekacheka na watu, hana hata kinyongo. Ndege ina jina langu na bado namwonea wivu, mshenzi yule, tena sasa ndiyo vibaya zaidi. Maana ingekuwa mimi, jina lake ningelikwangua mpaka chuma kionekane.